Wosia Hauzuii Mahakama, Bali Huzuia Ugomvi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Bulwa, Usambara ya Mashariki)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja, nalo ni nini mtu afanye juu ya mali yake angali hai, ili siku akiondoka wale aliowaacha wasimalize miaka katika korido za mahakama. Kwa watu wengi, kutaja mirathi yako mwenyewe ni kujitakia uchuro. Lakini hakuna aliyekufa kwa sababu ameandika wosia, kama vile hakuna nyumba iliyoungua kwa sababu imekatiwa bima.

Ninazungumza nanyi kwa sababu mbili. Kwanza, ninyi wenyewe mna mali, hata kama hamjioni kuwa matajiri. Mtumishi ana haki zake za pensheni, ana akiba katika chama cha akiba na mikopo, pengine ana kiwanja Muheza au Tanga, ana miche ya iliki na karafuu hapa mlimani, na aghalabu ana shamba jingine huko alikozaliwa. Pili, ninyi ndio mnaofuatwa. Mzee asiyejua kuandika humwendea mwalimu akamwambia, "Mwalimu, niandikie." Karatasi atakayoiandika mwalimu huyo itasomwa na hakimu siku ambayo mwenyewe hayupo tena kueleza alikusudia nini. Ikiwa na kasoro, atakayelipa ni mjane na watoto.

Milima hii yetu inalo somo la zamani juu ya jambo hili. Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkuu wa Washambaa aliyetawala kutoka Vugha, alimwandaa mwanawe Mshuza kuwa mrithi wake. Mshuza akafa kabla ya baba yake. Kimweri alipofariki katika miaka ya 1860, kiti kilimwangukia mjukuu kijana, Shekulwavu, mwana wa Mshuza. Wapo wana wa mzee ambao hawakuridhika. Semboja wa Mazinde, aliyekuwa na bunduki na biashara ya misafara kule bondeni, alimwinukia mtoto wa ndugu yake, na Wabondei nao wakawaasi Wakilindi waliokuwa wakiwatawala. Ufalme uliojengwa kwa vizazi ukagawanyika, na vita vikaendelea mpaka Wajerumani walipoingia. Mzee alikuwa amemtaja mrithi. Asilolimaliza ni swali moja dogo: je, huyu akitangulia, itakuwaje? Swali hilo hilo ndilo linalovunja familia za watu wa kawaida mpaka leo.

Sasa, wako wanaosoma habari za nchi za nje wakauliza kama hatuwezi kuikwepa mahakama kabisa. Huko Marekani, mwaka 1965, Norman Dacey alitoa kitabu kilichowafundisha watu kuepuka mahakama za mirathi. Njia yake ilikuwa amana. Mwenye mali huiweka mali yake katika amana angali hai, huendelea kuisimamia mwenyewe, na humtaja atakayeshika nafasi yake na watakaonufaika. Akifa, mali hiyo kisheria haimo katika mirathi, bali imo katika amana, kwa hiyo haisubiri amri ya hakimu.

Wazo hili si geni kwetu. Watu wa pwani wameweka wakf kwa karne nyingi, na Zanzibar ina Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Huku bara, Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura 318, inawaruhusu hata watu waliounganishwa na mila au udugu kuteua wadhamini na kuwasajili. Ukoo wenye jengo la kupangisha au shamba kubwa lisilofaa kukatwa vipande unaweza kuifikiria njia hiyo. Lakini amana huhitaji wadhamini waaminifu, daftari za hesabu na gharama za kila mara. Kwa mwalimu mwenye nyumba moja na ekari mbili, mzigo huo waweza kuzidi faida yake. Kwake yeye, chombo cha kwanza ni wosia.

Hapa hapana budi tusahihishe dhana moja. Wengi hudhani kuwa mwenye wosia hafikishwi mahakamani. Sivyo. Mtu uliyemtaja kuwa msimamizi atakwenda mahakamani athibitishwe, ndipo benki na ofisi ya ardhi zimtambue. Tofauti iko katika maswali. Penye wosia halali, hakimu huuliza kama karatasi hii ni ya marehemu kweli na kama iliandikwa kwa kufuata sheria. Pasipo wosia, huanza maswali mengine: nani awe msimamizi, warithi ni nani hasa, ukoo umekaa kikao au haukukaa, na gumu kuliko yote, sheria ipi itumike.

Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee mahali kama Bulwa. Mashamba ya chai yaliwaleta watu kutoka pande nyingi za nchi. Wameoana na Washambaa na Wabondei, wakazaa watoto wanaozungumza Kiswahili tu. Mmoja wao akifa, atarithiwa kwa mila gani? Angalieni jinsi mjane mmoja anavyobadilika hali kwa kubadilishiwa sheria. Kwa kanuni za mila zilizotangazwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, mjane hakupewa fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto wake. Binti naye aliwekwa daraja la tatu, nyuma ya ndugu zake wote wa kiume. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane mwenye watoto hupata thumuni. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo mahakama zetu zimeitumia kwa walioacha maisha ya kimila na wasio Waislamu, mjane mwenye watoto hupata theluthi. Mama ni huyu huyu, na jembe alilolima nalo ni hili hili, lakini majibu ni matatu.

Mahakama, ili kuamua, hutazama namna marehemu alivyoishi na nia aliyoionyesha. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ilipata kuamua hivyo katika mirathi ya mtu aliyeishi mbali na kabila lake na kuoa kabila jingine. Basi ni afadhali nia hiyo uiandike mwenyewe kuliko kuwaachia ndugu wabishane juu yake. Mwaka 2015, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake ilisikiliza malalamiko ya wajane wawili wa Tanzania, nayo ikaona kuwa walitendewa kinyume cha mkataba huo. Lakini mjane wa Bulwa hana nauli ya kufika huko. Karatasi ya mumewe ingemfaa zaidi.

Wosia wa namna gani? Kwa wanaofuata kanuni za mila za 1963, wosia wa maandishi uandikwe kwa wino usiofutika, uwe na tarehe, na useme kwamba mwenye kuusia ana akili timamu na hakushurutishwa. Kama anajua kusoma na kuandika, aweke sahihi mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui, aweke dole gumba mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mashahidi hao wajue kusoma na kuandika. Mke au wake waliopo nyumbani washuhudie pia. Wosia wa mdomo nao unakubalika, lakini unataka mashahidi wanne kwa mgawanyo ule ule, na maneno ya mdomo huchakaa upesi.

Kumnyima mrithi urithi si jambo la hasira ya siku moja. Kanuni zile zilitaja sababu, kama vile kumshambulia mwenye mali, au kumtelekeza katika ugonjwa au njaa bila sababu. Sababu hiyo lazima iandikwe, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea. Kwa Mwislamu, wosia usizidi theluthi ya mali, wala usimpendelee mrithi mmoja ila kwa ridhaa ya wenzake. Theluthi hiyo yaweza kumsaidia mtoto wa kulea au mjukuu ambaye sheria haikumwekea fungu.

Mtaje msimamizi, na kwa kukumbuka yaliyotokea Vugha, mtaje na wa pili wake. Kisha hifadhi wosia mahali pa amani. Tangu mwaka 2006 Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini umekuwa ukiwasaidia wananchi kuandika na kutunza wosia. Wosia uliofichwa chini ya godoro ni mali ya atakayekuwa wa kwanza kulikunjua godoro hilo.

Yapo pia mambo yanayopunguza kazi ya mahakama. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inawawezesha wenzi kumiliki ardhi pamoja. Katika umiliki wa pamoja usiogawanyika, mmoja akifa haki humwangukia aliyebaki. Katika umiliki wa mafungu, fungu la aliyekufa huingia katika mirathi yake. Soma hati yako ujue ni upi kati ya hayo mawili. Kwa shamba la kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo imebatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Basi mnapokwenda kuandikisha hati ya hakimiliki ya kimila, yaandikwe majina mawili, la mume na la mke.

Njia nyingine ni kumpa mtu kitu chake ungali hai. Zawadi hiyo ikabidhiwe kweli, mbele ya watu, na penye ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji ihusishwe. Lakini asigawe mtu mpaka mkeka anaoulalia. Mzee aliyegawa kila kitu huishi kwa huruma ya aliowapa.

Mwisho, liko daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika ulicho nacho, unachodai na unachodaiwa. Weka pamoja cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, wakiwemo wale usiopenda kuwataja, maana hao ndio huibuka siku ya arobaini.

Na ikiwa wewe ndiye utakayeteuliwa kuwa msimamizi, kumbuka kuwa msimamizi si mrithi mkuu. Amebebeshwa mzigo wa watu. Kanuni za mahakama ya mwanzo za mwaka 1971 zilimtaka awasilishe orodha ya mali na madeni katika muda wa miezi minne, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Kaka mkubwa anayekaa na nyumba ya marehemu miaka kumi, akikusanya kodi bila kutoa hesabu, anawaibia yatima hata kama ana barua ya mahakama mfukoni.

Ndugu zangu, mwalimu anapoitwa kuandika wosia asiandike usiku, yeye na mgonjwa peke yao, kwa kumwonea huruma. Awaite mashahidi wa ukoo, awaite watu baki, amwite mke, asome kwa sauti kila alichoandika, ndipo sahihi ziwekwe. Saa mbili za subira katika chumba hicho zitawaokolea watoto miaka ya kesi.