Mhandisi na Msomi wa Jamii Katika Kikosi Kimoja

Leo tutupie jicho Kimaka, Jinja, kwenye chuo cha kijeshi wanakonolewa maofisa wa jeshi letu la Uganda. Hoja ni hii: kikosi kijazwe wahandisi na mafundi pekee, au wachanganywe na waliosomea historia, lugha na mila?

Kwa nini hili likuguse, wewe uliyeko Mbale? Kumbuka Machi 2010. Mlima ulipoporomoka Bududa, mashine nzito hazikuweza kufika. Wanajeshi walichimba kwa majembe na sepetu. Baadaye baadhi ya manusura walihamishiwa wilayani Kiryandongo, lakini wapo waliorudi mlimani. Mhandisi hupima mteremko. Anayejua Kigisu, lugha ya wenyeji wa huko, na uzito wa makaburi ya wazee, ndiye atakayeelewa kwa nini mtu anarudi kwenye hatari.

Kwa upande wa pili, wapo wasemao dharura haingoji mjadala, na daraja halijengwi kwa historia. Wana hoja. Ila mpango mzuri unaokataliwa na wenyeji hauokoi maisha.

Sasa tujiulize: ofisa wa kesho afundishwe yote mawili, au kila mtu abaki na fani yake, mradi waketi meza moja?