Makaburi ya Wazee Wetu wa Rabai



Katika sikukuu hii ya jubilii twahesabu makanisa na shule. Mimi nawaomba twende kwanza makaburini, kwa maana Kanisa letu la pwani lilipata kaburi kabla ya kupata nyumba ya sala.

Mwaka 1844 Bwana Ludwig Krapf alifika Mombasa pamoja na Rosine mkewe. Mwezi wa Julai mke akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1846 Bwana Krapf na Bwana Johannes Rebmann wakapanda Rabai, na wazee wakawapokea. Mwaka 1849 akaja Bwana Johannes Wagner. Hakuwahi kufundisha, maana homa ilimwua mwezi wa Agosti. Ndipo Warabai walipoona mara ya kwanza jinsi Wakristo wamzikavyo mtu wao. Baadaye Mringe, aliyekuwa kilema, akabatizwa karibu na kufa kwake. Huyo ndiye malimbuko yetu.

Majina hayo twayajua kwa kuwa yaliandikwa. Walakini wako wengine. Watumwa waliotoroka walikimbilia Rabai, wakajenga, wakalima, wakasali pamoja na wenyeji, hali hofu ya kurudishwa haikuwatoka hata tarehe 1 Januari 1889, walipopewa hati za uhuru. Wengi wao wamelala bila jiwe wala jina.

Bibi mmoja mzee aliniambia, "Mwalimu, njoo nikuonyeshe alipolala nyanya yangu." Nikamjibu, "Nitakuja baada ya mavuno, bibi." Mavuno yalipokwisha, yeye naye alikuwa amekwisha kuzikwa. Kosa ni langu, tena halitengenezeki. Kinywa kilichojua mahali pale kimefungwa.

Basi nawasihi, msifanye kama mimi. Walimu, wapeni watoto daftari, wawaendee wazee juma hili hili, waulize: nani alizikwa wapi, naye alitoka kwa nani? Nanyi wakulima, jembe lenu lisivuke mpaka wa makaburi. Mtumwa alinyang'anywa jina lake siku alipouzwa. Sisi wana wake tusimnyang'anye mara ya pili kwa uvivu wetu.

Mchungaji Mwema awajua wote. Yatupasa sisi nasi tuwajue wale tuwezao kuwajua, maadamu wako bado watu wa kuulizwa.