Fedha za Tabianchi Zifike Kabla ya Vuli

Msikilizaji, ikifika Julai mito mingi ya Ukambani huwa imekauka, unavuka bila kulowa unyayo. Huo ndio wakati wa kujenga bwawa la mchanga. Kikundi cha kusaidiana, yaani mwethya, akina mama wakiwa wengi, hukusanya mawe, fundi huchimba hadi akute mwamba, kisha ukuta wa mawe na saruji hujengwa kuukata mto kutoka ukingo huu hadi ule. Mvua za vuli zikianza, mafuriko huja na mchanga, na mchanga hujazana nyuma ya ukuta. Maji hukaa humo ndani, jua lisiyafikie. Misimu michache baadaye, mama aliyekuwa akifuata maji mbali na punda wake huyachota karibu na kwake, hata Septemba.

Kazi hii watu wanaijua. Kinachowakwamisha ni saruji, nondo na malipo ya fundi, na vyote lazima viwepo kabla ya Oktoba kwisha.

Kenya ina utaratibu mzuri wa kugharimia kazi kama hii, nami nautetea kwa moyo wote. Ulianza kujaribiwa Isiolo, ambako wazee wa Dedha wa Waborana wamesimamia malisho na visima kwa vizazi. Mwaka 2015 Makueni ikatunga kanuni za kutenga asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo kwa kazi za tabianchi. Leo FLLoCA, mpango wa kitaifa wa kugharimia kazi za tabianchi zinazoongozwa na wananchi, unazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 1.5. Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2021, na Ujerumani, Denmark na Sweden zikaongeza zao. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kamati ya wadi, iliyochaguliwa na wananchi wenyewe, ndiyo husema: hapa tunataka bwawa, pale tunataka kisima cha mifugo.

Lakini kamati ikishasema, husubiri. Fedha za wafadhili haziingii kaunti mpaka Bunge lipitishe sheria ya mgao wa ziada, na sheria hiyo imewahi kukwama huku Bunge la Taifa na Seneti wakivutana. Ikipita, bado kuna Hazina ya Kitaifa, bado kuna idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, mto ukiwa mkavu. Pesa zikija Aprili au Mei, masika yamekwisha kuujaza, na tarehe 30 Juni mwaka unafungwa. Ofisa anayekimbizana na tarehe hiyo atanunua kinachonunulika upesi. Bwawa litangoja mwaka mwingine, na watu wa kijiji kile watangoja nalo.

Ndiyo maana naikazia macho ile asilimia 1.5 ya kaunti yenyewe. Hiyo haitegemei mkopo wala msaada. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, na miradi mingi ikasimama huku watu wakiwa kazini. Aliyejenga mpango wake wote juu ya fedha za mwingine alijionea.

Magavana watajibu kwamba hata mgao wao wa kawaida hucheleweshwa na Hazina. Ni kweli, na Hazina inastahili kulaumiwa. Hata hivyo, kidogo kinapofika, kuna mtu anayeamua kilipe nini kwanza. Mara ngapi tumeona semina za hotelini na posho za safari zikilipwa mapema, huku orodha ya kamati ya wadi ikiwa bado mezani? Naomba orodha hiyo itangulie. Mgao wa kwanza wa Julai ununue saruji.

Bunge nalo liimalize sheria ya mgao wa ziada kabla ya Juni, pamoja na bajeti yenyewe. Wabunge na maseneta wanalipwa kufanya kazi hiyo.

Nawe msikilizaji, makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha, kisha wananchi huitwa kutoa maoni. Nenda. Muulize mwakilishi wadi wako ile asilimia 1.5 imewekwa fungu gani, na akutajie tarehe ambayo kamati yenu itakabidhiwa fedha. Akikwambia Mei, mkatalie.