Karatasi Yenyewe Mumeisoma? Padri Bujo wa Drodro na Kumkosoa Papa



Siku chache kabla ya Noeli ya 2023 nilitoka misa ya kwanza nikakuta watu wamekusanyika chini ya mwembe. Katikati yao alisimama katekista, simu mkononi, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Mtu asiyejulikana alikuwa akitangaza kwa ukali kwamba Papa amehalalisha ndoa ya mwanamume na mwanamume. Ikaisha, ikarudiwa. Mzee mmoja akasema huyo si Papa tena. Kijana akamtaja Mpinga Kristo. Ndipo mama mmoja anayeuza samaki wa Tchomia akauliza: "Karatasi yenyewe mumeisoma?" Hakuna aliyekuwa ameisoma, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Karatasi hiyo inaitwa Fiducia supplicans. Ilitolewa tarehe 18 Desemba 2023 na ofisi ya Vatikani inayolinda mafundisho ya imani, ikatiwa sahihi na Kardinali Víctor Manuel Fernández kwa idhini ya Papa Fransisko. Iliruhusu padri kuwabariki watu wawili wa jinsia moja wanaoomba baraka, nje ya liturujia, bila ibada maalumu, bila chochote kinachofanana na harusi. Fundisho la ndoa haikuligusa. Ilitaja pia kundi lingine la watu, nami nitalirudia baadaye, maana chini ya mwembe hakuna aliyelisikia.

Tarehe hiyo ina historia. Miaka 44 kamili kabla yake, 18 Desemba 1979, Vatikani ilitangaza kwamba Hans Küng, padri Mswisi aliyekuwa akifundisha Tübingen nchini Ujerumani, hahesabiwi tena kuwa mwalimu wa teolojia ya Kikatoliki. Tangu 1970 alikuwa amehoji hadharani fundisho kwamba Papa hawezi kukosea anapotangaza rasmi jambo la imani. Hakuvuliwa upadri, wala hakunyamaza. Aprili 2010, Benedikto XVI alipotimiza miaka mitano katika kiti cha Petro, Küng aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima barua ya wazi. Alimlaumu Papa kwa nafasi zilizopotea: kwa Waprotestanti, kwa Wayahudi, kwa Waislamu, na kwa watu wa Afrika, ambao alitaka waruhusiwe uzazi wa mpango na kondomu dhidi ya UKIMWI.

Wakatoliki waligawanyika papo hapo. George Weigel, Mmarekani aliyeandika maisha ya Yohane Paulo II, alimjibu kwa barua kali: umemsingizia Papa, muombe radhi mbele ya watu. Wengine walimwona Küng nabii. Nilisoma pande zote mbili kwa huzuni, kwa sababu wengi walishughulika na Küng mwenyewe, uchungu wake, umri wake, ugomvi wake wa zamani na Papa huyo, aliyewahi kuwa mwalimu mwenzake Tübingen. Hoja zenyewe ziliachwa mlangoni. Nami nina lawama yangu kwa Küng: alitusemea sisi Waafrika bila kuketi nasi. Huenda alisema kweli, lakini neno linalotuhusu lilipaswa kupita mikononi mwetu kwanza.

Sisi tulikuwa na mtu aliyejua njia nyingine. Bénézet Bujo alizaliwa Drodro, hapa kwetu Djugu, mwaka 1940. Alisomea Ujerumani, akafundisha Kinshasa, kisha tangu 1989 akawa profesa wa teolojia ya maadili huko Fribourg, Uswisi, hadi alipostaafu. Alifariki Novemba 2023, wiki chache kabla ya kelele za mwembe wetu. Mara nyingi nimejiuliza angesema nini.

Bujo hakuwa mtu wa kuitikia tu. Aliandika waziwazi kwamba maadili yaliyozaliwa katika falsafa ya Ulaya yasivikwe jina la maadili ya wanadamu wote. Aliwakemea wanateolojia wa Afrika, wenzake, wanaosifia utamadunisho wakiwa wameketi pazuri huku maskini wakiwa hawasikilizwi. Kiini cha mafundisho yake ni baraza. Wazee wetu, alifundisha, hawakumeza neno zima zima. Neno hutafunwa. Mmoja akilisema, wengine hulipokea, hulisaga, hulirudisha, hadi lijulikane kama linajenga uhai wa jamaa nzima au linauua. Mnaomjua mzee anayekula karanga bila meno mtanielewa: huchukua muda, na hakuna anayemharakisha.

Mwanateolojia Elochukwu Uzukwu wa Nigeria aliongeza picha ambayo ningependa ichorwe katika kila ukumbi wa parokia. Kwa Wamanja wa Afrika ya Kati, mnyama wa chifu ni sungura, kwa ajili ya masikio yake makubwa ya kusikiliza.

Wala msifikiri hayo ni ndoto ya vitabuni. Januari 1960, katika chuo cha Lovanium, mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alimpinga hadharani mkuu wa kitivo chake, Alfred Vanneste. Mwanafunzi alitetea teolojia yenye sura ya Kiafrika. Mkuu alisema teolojia lazima iwe moja kwa wote. Hakuna aliyefukuzwa. Mjadala ulichapwa, hoja za wote wawili zikasomwa. Miaka kumi baadaye mwanafunzi yule akawa askofu. Mwaka uliotangulia, 1969, Paulo VI alikuwa Kampala, ng'ambo tu ya ziwa letu, akiwaambia Waafrika wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo wao wenyewe. Neno la mwanafunzi lilikuwa limetafunwa hadi Roma.

Sasa turudi kwenye Fiducia supplicans, mwanzoni mwa 2024. Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, aliyeongoza maaskofu wa Afrika na Madagaska, alikusanya majibu ya mabaraza ya maaskofu wa nchi mbalimbali, akaenda Roma, akaketi na Kardinali Fernández, akamwona Papa. Barua ya tarehe 11 Januari 2024 ilisema baraka za namna hiyo hazifai kutolewa Afrika, na katika barua hiyohiyo ikatangaza umoja na Papa. Siku chache baadaye maaskofu wa Afrika Kaskazini walisema vingine, wala dunia haikuanguka. Namsifu Ambongo kwa njia aliyoipita: alimpinga mkubwa wake uso kwa uso, na barua ikaandikwa baada ya kuketi pamoja.

Lakini nilichokisikia mitaani hakikuwa baraza. Watu waliokuwa wametokwa na machozi Februari 2023, Fransisko alipoketi Kinshasa akisikiliza wahanga wa vita vya mashariki, wakiwemo wa kutoka Bunia, mwisho wa mwaka walimtukana. Na wale walioita kumsema Benedikto uasi sasa walimsema Fransisko bila woga. Kama ukosoaji ni halali pale tu unapotufurahisha, basi hatujakubali ukosoaji kamwe, tumechagua upande. Tena, wale waliozungumzwa hawakupewa nafasi ya kusema. Ng'ambo ya mpaka, Uganda ilikuwa imepitisha mwaka huohuo sheria dhidi ya ushoga yenye adhabu ya kifo ndani yake. Baraza la Bujo halimhukumu mtu aliyefungiwa nje.

Sasa lile kundi la pili. Karatasi ya Desemba ilihusu pia mume na mke wanaoishi pamoja bila ndoa ya kanisa. Nani asiyewajua? Wanakaa benchi za nyuma. Komunyo ikifika, wao hubaki wameketi, watoto wakiwapita magotini. Wakwe walipokea ng'ombe wa kwanza, wa pili wakaahidiwa, kisha vita vya Djugu vikachukua zizi zima. Mahari haijaisha, harusi haiwezi kufungwa, na miaka inapita. Bujo aliwatetea mapema kuliko Roma. Katika kitabu chake cha 2009 aliomba Kanisa litambue kwamba ndoa yetu ni safari ya koo mbili, inayokua hatua kwa hatua, wala si saini ya asubuhi moja. Huo nao ulikuwa ukosoaji wa sheria ya Roma, na ulitoka Drodro. Sisi tulipokuwa tukipiga kelele juu ya nusu moja ya karatasi, nusu iliyokuwa na majina ya jirani zetu ilitupita.

Yule mama wa samaki ni mmoja wao, ameniruhusu niseme. Mume wake alikuwa bado anadaiwa ng'ombe wawili. Baada ya Noeli nilimpelekea ile karatasi, nikamsomea sehemu inayowahusu, nikiitafsiri kwa Kiswahili sentensi moja moja. Aliacha kupanga samaki, akajifuta mikono, akaniomba niisome tena.