TUMEUZA NGUVU, HATUKUUZA MASIKIO
(Hotuba iliyotolewa na mjumbe wa afya na usalama kwenye mkutano wa tawi)

Ndugu Mwenyekiti na ndugu wanachama,

Mimi nilifanya kazi miaka 19 kwenye mashini za kufumia nguo. Leo mjukuu wangu akiniita kwa nyuma siitiki, na majirani husema nina kiburi. Si kiburi, ni kelele za kiwandani. Nimesimama mbele yenu ili ninyi vijana mlioandikwa juzi msifike nilikofika mimi.

Uziwi huu hauji na maumivu. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana, nazo ndizo zipokeazo sauti. Kelele huziua kidogo kidogo, na zikifa hazioti tena. Dawa ya kuzirudisha hakuna. Kwanza masikio huvuma utokapo zamu. Halafu sauti za watoto na akina mama huwa ngumu kusikika. Mtu anapotambua, amekwisha kuchelewa. Kipimo chepesi ni hiki: ikiwa mwenzako yuko umbali wa mkono nawe walazimika kupaza sauti ndipo akusikie, kelele zimepita kiasi.

Sisi tulipolalamika, msimamizi alitugawia pamba tujazie masikioni. Ndugu zangu, pamba haizuii kelele za namna ile. Hata vizibo vizuri ni ngao ya mwisho tu. Kwanza mwajiri akaze mashini zilizolegea, azitie mafuta, azitenge kwa kuta za kupunguza sauti, na apunguze saa za mtu kukaa penye kelele.

Hii si hisani tunayoomba. Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini, za mwaka 2005, zasema mfanyi kazi asipate zaidi ya desibeli 90 kwa wastani wa saa 8. Zikizidi 85, ni lazima mwajiri aweke mpango wa kupunguza kelele na kulinda masikio. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye watu 20 au zaidi. Nayo sheria ya fidia ya mwaka huo huo yahesabu magonjwa ya kazini pamoja na ajali.

Lakini fidia yataka ushahidi. Mimi sikupimwa masikio siku niliyoandikwa, wala baadaye. Nilipodai, niliambiwa labda uziwi wangu nilikuja nao kutoka nyumbani. Sikuwa na karatasi ya kuwajibu.

Basi nawaomba mambo matatu. Kila mmoja adai kupimwa masikio na apewe nakala ya majibu. Wajumbe wetu wa kamati waulize kelele zilipimwa lini na zilikuwa desibeli ngapi. Na mtu asiende ofisini peke yake. Aende na mwakilishi wa chama.

Tuliuza nguvu zetu kwa mshahara. Masikio hatukuyauza.

Umoja ni nguvu.