Presha Haibishi Hodi

Msikilizaji wetu wa Awasi, wewe unayeuza sokoni kando ya barabara ya Kericho, presha yaweza kupanda bila kichwa kukuuma hata siku moja. Lazima upimwe. Wahudumu wa afya ya jamii walipogawiwa vifaa mwaka 2023, mashine ya presha ilikuwamo. Mhudumu akija kwako, kaa utulie, mnyoshee mkono. Ukisomewa 140 kwa 90 au zaidi, nenda kituo cha afya upimwe tena. Punguza pia chumvi: samaki wa chumvi mloweke, umwage maji. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile ya viungo vya pakiti. Na ukipewa dawa za presha, tafadhali, usiziache eti umepata nafuu. Rudi kliniki kabla hazijaisha.