Tandu na Jongoo Majumbani Mwetu

(Maneno ya hotuba fupi iliyotolewa kwa jamaa baada ya swala ya Isha, masika yakikaribia.)



Kila mwaka katika majira ya masika, yaani kuanzia mwezi wa Machi hadi Mei, sisi tunaokaa huku mwambao hupata wageni wawili wasiobisha hodi, tandu na jongoo. Huenda mtu akaona kwamba jambo hili ni dogo mno kuzungumzwa mbele ya jamaa. Sisi hatulioni dogo. Mtoto akikatwa na tandu, nyumba nzima hailali usiku huo. Na baya zaidi ya hilo ni mtoto anayekunywa dawa ya mashambani ambayo wazee wake waliileta nyumbani ili kuwaua jongoo wasiokuwa na madhara yoyote makubwa.

Basi kwanza hatuna budi kuwatofautisha, kwani wengi wetu huwaogopa wote wawili sawasawa na kuwatendea sawasawa. Jongoo ni wa mviringo kama kipande cha kamba nene, mwendo wake ni wa pole, na karibu kila pingili ya mwili wake ina jozi mbili za miguu. Akiguswa hujikunja. Haumi wala hachomi. Chakula chake ni majani yaliyooza, na kazi yake ni kuyarudisha kuwa udongo wenye rutuba. Katika nchi zetu wapo wakubwa wanaofikia urefu wa karibu sentimita 30, nao huwatisha watu kwa umbo tu.

Tandu ni mwingine kabisa. Yeye ni bapa, ana mbio, na kila pingili ina jozi moja tu ya miguu. Jozi ya kwanza, iliyo chini ya kichwa, imegeuka kuwa makucha mawili yenye sumu, na kwa hayo huwakamata mende, buibui na hata mijusi midogo. Wale wakubwa wanaotuingilia majumbani kwa kawaida wana jozi 21 za miguu. (Ni ajabu kwamba tandu wote, wawe wadogo au wakubwa, jozi zao kwa kawaida huwa witri.) Hivyo nyumba yenye tandu wengi mara nyingi ni nyumba yenye mende wengi, na mwenye kuwaacha mende wastarehe jikoni asishangae mwindaji wao akija kuwafuata.

Sasa kwa nini huingia ndani? Ngozi ya viumbe hawa haiwezi kuzuia maji ya mwilini yasipotee, na jua kali huwakausha na kuwaua. Kwa hiyo hukaa mahali penye unyevu na giza. Mvua kubwa ikijaza mashimo yao maji, hukimbilia palipoinuka, yaani barazani na vyumbani. Ardhi ikikauka, hutafuta bafu, nyuma ya mtungi wa maji na chini ya magunia. Wahenga walisema kwamba atupaye jongoo humtupa na mti wake. Mti wa jongoo, na wa tandu pia, ni ule unyevu. Mtu awezaye kuwaua mia moja leo na kuuacha unyevu, kesho atawakuta mia wengine.

Kwa hiyo tuanze nje. Rundo la majani makavu, kuni, matofali yaliyobaki katika ujenzi na makuti ya paa la zamani visiegemezwe ukutani. Viwekwe mbali na nyumba. Bomba linalovuja litengenezwe, na maji ya kufulia yasimwagwe mlangoni. Kisha tuje ndani. Nyufa za ukuta na sakafu zizibwe kwa saruji. Tundu la bafu liwekewe wavu wa waya, kwa kuwa tandu hupanda kutoka katika karo. Chini ya mlango pigilieni kipande cha mpira, hata wa tairi kuukuu, kiguse sakafu. Kitanda kisogezwe kisishikane na ukuta, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Mnacho tayari kwa ajili ya mbu, nacho humzuia tandu vilevile. Na ile sunna ya kukung'uta malazi kabla ya kulala sote twaijua, ingawa wanaoitekeleza ni wachache. Viatu navyo vikung'utwe asubuhi, hasa vya watoto wa shule.

Ama dawa za sumu, tunasema wazi kwamba hatuzipendi katika jambo hili. Jongoo hutoka bustanini siku zote, na sumu iliyomwagwa kizingitini huoshwa na mvua ya kwanza. Anayebaki nayo ni mtoto anayetambaa. Na ile tabia ya kununua dawa ya mashambani iliyomiminwa katika chupa ya soda, bila ya jina wala maelezo, iachwe kabisa. Chupa ya soda mtoto anaijua kuwa ni kinywaji. Jongoo mzoeni kwa ufagio na kizoleo mkamtupe chini ya migomba, atafaa huko. Tandu aliyeingia chumbani hatusemi aachwe. Auawe kwa kiatu au fimbo, wala asishikwe kwa mkono.

Akimkata mtu, maumivu ni makali na mahali hapo huvimba, lakini kwa kawaida hupungua baada ya saa kadhaa au siku mbili tatu. Oshani jeraha kwa sabuni na maji. Kisha lichovywe katika maji ya moto yanayovumilika, yakiwa yamejaribiwa kwanza na mtu mzima kwa kiwiko ili mgonjwa asiungue, au liwekewe barafu iliyofungwa kitambaani. Msichanje kwa wembe, kwani wembe huleta pepopunda, wala msipake mafuta ya taa. Lakini mkiona anapumua kwa shida, uso au ulimi umevimba, anatapika au anazimia, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Jongoo haumi, lakini akibanwa hutoa maji yanayowasha na kuacha doa la kahawia katika ngozi. Doa hilo laweza kukaa kwa majuma kadhaa, na akina mama wengine hulidhania kuwa ni la kuungua. Oshani kwa sabuni na maji mengi. Maji hayo yakiingia jichoni ndipo pana hatari: jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mtoto apelekwe kwa daktari hata kama amenyamaza kulia.

Limebaki la hapa msikitini petu. Pale tunapotawadhia, maji hutuama nyuma ya ukuta, na mikeka ya zamani imerundikwa hapohapo karibu na tunapoacha viatu. Jumamosi baada ya Alfajiri tutaiondoa mikeka hiyo na kuchimba mfereji hadi barabarani. Wenye majembe waje nayo, na fundi mmoja atatosha kwa saruji.

Wassalaam.